Chupa za Buluu

Wapo watu ambao sifa kwao ni sumu. Ukiwapuuza watafanya kazi, lakini ukiwasifu mara mbili tu, kazi wanaitupa na kuanza kujitazama kwenye kioo. Wahenga waliwajua barabara, wakawasema kwa mfano wa mgema. Kisa hiki ni cha muuza manukato wa namna hiyo, na wa kuonewa huruma si yeye, bali dada yake.

Dada huyo majirani walimwita Mama Mizani, kwani hakutia hata tone la mafuta ya ndimu pasipo kulipima. Kwa miaka sita alijifungia katika chumba cha nyuma ya duka akitafuta manukato ya msimu wa joto: mepesi, yasiyomkaba mtu koo wala kumtangulia mlangoni, yanayomfaa mwanamume na mwanamke. Mwishowe akapatanisha ndimu, mnanaa na maua ya mchungwa, na kila mchanganyiko akauacha utulie wiki nne gizani. Mdogo wake alikaa mbele, akauza.

Siku moja mtangazaji wa redio akayasifu hewani. Basi! Mdogo mtu akavimba kichwa. Wateja walipanga foleni, na wiki nne akaziona karne. Mama Mizani alikwenda kumuuguza mama yao kwa majuma mawili; aliporudi alikuta rafu zimejaa chupa mpya za buluu.

"Za kioo cheupe zimekwenda wapi?" aliuliza.

"Dada, twende na wakati! Buluu inavutia."

Aliamini, maana nani humshuku ndugu yake wa tumbo moja?

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja mwenye maduka sita, ili atie saini mkataba wa kuyauza manukato hayo kote. Kalamu ilikuwa tayari mkononi wakati fundi cherehani, mteja wao wa tangu mwanzo, alipoingia na bilauri ya kioo.

"Dada yangu, nimemimina manukato yenu humu," alimwambia Mama Mizani. "Hebu yatazame."

Yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Pua yako imezibwa na mafuta ya cherehani!" mdogo mtu alifoka. "Haya ni mepesi, ndiyo ya joto. Kama hujui vitu vizuri, jipake sabuni!"

Mama Mizani aliinusa bilauri. Ndimu ilisikika kwa mbali mno. Alijua kuwa mafuta na spiriti hupatana, lakini maji yakizidi, mafuta hujitenga na chupa nzima huwa ukungu. Hapo akaelewa kwa nini chupa zilikuwa za buluu, na damu ikamchemka.

"Mchanganyaji ni wewe, sivyo?" mama wa maduka alimuuliza. "Nitie saini?"

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "usinivue nguo mbele za watu."

Miaka yake sita ilikuwa mezani, kwenye karatasi ile. Neno moja tu la uongo, na jina lake lingefika mbali.

"Umejivua mwenyewe!" alisema. "Umemtukana mtu aliyetununulia tulipokuwa hatujulikani, na mwizi ni wewe! Wepesi nimeutafuta miaka sita; wewe umeufungulia bombani?" Akamgeukia mgeni. "Usitie saini, mama. Haya si yangu."

Mama wa maduka alifunga kalamu yake, akaondoka bila kuaga. Mama Mizani alimwomba radhi fundi cherehani, kisha akalia palepale kwenye kaunta, kwa hasira na kwa uchungu wa kazi yake.

"Umetuharibia!" mdogo wake alilalama. "Si watu wenyewe walisema ni manukato bora?"

"Waliyoyasifu hukuwauzia."

Habari hazikawii. Kabla ya mwezi kwisha foleni ilikuwa imekatika, na mtangazaji yuleyule akaomba radhi hewani kwa sifa alizozitoa. Mama Mizani alizibeba chupa za buluu hadi uani, akazimimina moja baada ya nyingine mferejini, ndugu yake akitazama. Chupa mia mbili zilikwisha, na hata mfereji haukunukia.

Kweli, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.