Bei ya Mashua ya Majura

Mtu mmoja wa kando ya ziwa, upande wa Majita, alikuwa na mashua ndogo ya tanga iliyokwisha kula miaka. Aliitwa Majura. Alikuwa mgane, na binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Mgongo ulipomkataza kwenda majini, alitangaza kwamba anaiuza, akataja bei ambayo hata mashua mpya haikuifikia.

Watu wakaja. Waligonga mbao kwa vifundo vya vidole wasikie kama zimeoza, wakanusa maji yaliyotuama ndani, wakatandaza tanga majanini kutafuta matundu. Walipokuta kiraka ubaoni waliuliza, naye Majura akawasimulia: hiki kilitokana na mwamba, kile ni cha siku marehemu mkewe, Nyangeta, aliposhika usukani kwa mara ya kwanza akawabamiza kwenye gati. Walicheka. Mmoja alisema kwa bei hiyo mashua hii lazima inajua na kupika. Waliteremsha bei, akakataa, wakabishana hadi jua likawaka sana, kisha wakaenda zao mikono mitupu. Siku hizo Majura alilala usingizi mzuri. Hakuna aliyejua kwamba hataki kuuza. Pengine hata yeye hakujua.

Ndipo akaja Kaitira, mtu wa makamo kutoka kisiwani. Alikuwa amesikia kwamba mzee anaishi peke yake, akaazimia moyoni asimsumbue kwa mabishano. Hakuwa mtu mbaya. Aliona hiyo ndiyo heshima. Aliizunguka mashua mara moja, akapiga magoti kuukagua mkuku, ule uti wa chini unaoishika mashua yote, ikamtosha. Akamwambia mzee kwamba bei yake ameikubali kama alivyoitaja, akaweka fedha mbele yake.

Majura hakuzigusa.

“Hujaniuliza hata kiraka kimoja,” alisema.

Kaitira akajibu kwa upole kwamba ameviona, vimepigwa vizuri, hana shaka navyo.

Bei ilikuwa imetajwa mbele ya watu, na huko, bei iliyotajwa ikakubaliwa hairudishwi. Majura akasaidia kuisukuma mashua hadi majini. Baada ya hapo nyasi ziliota pale ilipokuwa imeegeshwa, na waliopita njia ile hawakuwa tena na sababu ya kusimama.

Nasi, jirani anapotutajia bei isiyolipika, tunajuaje kwamba anataka tuilipe?