Sultani Aliyetoa Idhini ya Kila Tonge

Hapo zamani, katika mji wa Mtamboni, alitawala sultani jina lake Mwinyikai, mtu mwema lakini mwingi wa amri. Siku moja askari wake wawili walikwama langoni mwa ngome, tumbo kwa tumbo, ikabidi wapakwe samli ndipo wakachomoka. Tabibu akasema, "Maulana, watu wako wananenepa. Vitamu vimezidi." Basi Sultani akaingiwa na huruma na hasira kwa pamoja, akatuma mpiga mbiu atangaze: "Mtu yeyote asitie kinywani kitu kitamu ila kwa idhini ya Sultani mwenyewe!"

Mjini humo palikuwa na mpasua kuni fukara aitwaye Mselemu, mwembamba hata watu wakasema kanzu yake imetundikwa, haikuvaliwa. Mkewe, Bi Mwanamize, alipika kashata za kuuza, na hizo ndizo zilizowalisha. Askari wakaja, wakatwaa sufuria na mbuzi ya kukunia nazi, kisha wakamwona Mselemu shavu limetuna.

"Fungua kinywa!"

Akatikisa kichwa. Wakambana pua, akafungua, kashata ikaonekana. Akapelekwa barazani mbele ya Sultani.

"Ewe Mselemu, hukuisikia amri yetu?"

"Niliisikia, Maulana, ila kinywa kilikuwa kimekwisha anza kazi."

"Leo nakusamehe. Ukila tena bila idhini yangu, wewe na mkeo mtauhama mji huu."

"Na nikija kuomba idhini, utanisikiliza?"

"Mimi humsikiliza kila raia," akajibu Sultani kwa fahari. "Hivyo ndivyo nilivyoapa."

Naye alisema kweli, kwani kila sultani wa Mtamboni aliapa juu ya Mkataba wa Kiti, ulioandikwa na wazee juu ya ngozi, usemao kwamba Sultani hatakaa kula hali raia yuko mlangoni na haja yake.

Asubuhi ya pili Mselemu akaja na kashata moja sahanini. "Maulana, naomba idhini ya kuuma."

"Uma."

Akauma kipande mfano wa punje ya mchele, akatafuna sana, akameza. "Naomba idhini ya kuuma tena."

"Si nimekwisha kukuruhusu?"

"Amri yasema mtu asitie kinywani ila kwa idhini. Nimetia mara moja. Nikitia ya pili bila kuomba, mke wangu atahamia wapi?"

Waziri akaisoma amri, akakohoa. "Ndivyo ilivyo, Maulana."

Nyuma ya Mselemu mji mzima ulikuwa umejipanga, huyu na halua, huyu na tende, na bibi mmoja aliyetaka kujua kama maji ya mua nayo huombewa idhini. Ikawa "Uma! Meza! Uma!" mpaka jua likachwa, watu wakalala papo hapo mlangoni, na kesho yake vivyo hivyo. Harufu ya biriani ikatoka jikoni, tumbo la Sultani likanguruma hata mlinzi wa nje akaanua nguo akidhani mvua inakuja.

"Leteni chakula!" akalia Sultani.

Kadhi akainua ile ngozi. "Raia wangali mlangoni, Maulana."

"Nani alitia sharti hili?"

"Babu yako."

"Basi naufuta Mkataba!"

"Mkataba ndio uliokupa kiti," akasema Kadhi kwa upole. "Ukitaka kuufuta, shuka kwanza."

Sultani akasema kwa sauti ya unyonge, "Mselemu, nilitaka watu wangu wawe na afya. Nimekosa nini?"

"Kututakia afya hukukosa, Maulana. Tuma tabibu sokoni atuambie yaliyo kweli, nasi tutasikia. Soko ni lako, na barabara ni zako. Lakini kinywa kina mwenyewe. Wewe umejitwika vinywa elfu tatu, na chako hujakilisha tangu juzi."

Sultani akamkazia macho, kisha akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru mbiu ipigwe upya, kwamba amri za Sultani zikome midomoni pa watu, na Bi Mwanamize arudishiwe vyombo vyake pamoja na ng'ombe mwenye maziwa. Watu wakashangilia, wakatawanyika.

Biriani ikaletwa. Sultani akanawa, akachota tonge, akalifikisha mdomoni, akasita, akamtazama Mselemu.

"Nile?"

"Maulana," akasema Mselemu, "hilo sasa hutakiwi kuniuliza mimi."