Moja Nene ya Sultani

Hapo zamani za mababu, katika mji wa Shungwi, alitawala sultani mmoja aliyependa mafumbo kuliko chakula. Siku moja akachora kwa mkaa, kwenye ukuta mweupe wa baraza, vyumba kumi na sita, vinne kwa vinne. Sharti lake lilikuwa kwamba kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na moja, mbili, tatu na nne bila kurudia. Na palipochorwa mdomo wa ndege baina ya vyumba viwili, mdomo huo uachame kuelekea namba iliyo kubwa. Kila mwanamume wa mji ajaribu kuvijaza kwa zamu, na atakayeshindwa atanyolewa ndevu upande mmoja.

Ikawa baada ya wiki mbili mji umejaa wanaume wa nusu ndevu, kadhi akiwamo.

Basi zamu ikamfikia Hamadi Tumbe, fukara asiye na kitu ila ndevu nzuri. Ijumaa ile alikuwa amwoe Mwanakheri, na baba yake binti alikwisha apa kwamba hamwozeshi mtu aliyenyolewa upande.

Hamadi akajaza vyumba upesi, akakwama pembeni. Pale Sultani mwenyewe alikuwa ameandika moja, na mdomo wa ndege umeiachamia hiyo hiyo moja. Akauliza kwa adabu kama labda mkono wa Seyyidi uliteleza. Waziri akamjibu kwamba mkono wa Sultani hautelezi.

Hamadi akakipapasa kidevu chake kama mtu anayeagana nacho. Kisha akasema, "Seyyidi yangu, nakuomba uitamke sheria mbele ya watu."

"Mdomo uelekee iliyo kubwa," akasema Sultani. "Siongezi wala sipunguzi."

Basi Hamadi akashika mkaa, akainenepesha ile moja hata ikajaza chumba, ikawa nene kama mchi. Katika chumba cha jirani akaandika mbili, ndogo kama yai la chawa.

Waziri akateta kuwa huo ni uhuni. Sultani akamtaka kadhi aamue. Kadhi akainama, akakodoa macho, akaitafuta ile mbili kwa muda mrefu, ndipo akasema, "Iliyo kubwa ni moja. Hii nyingine hata kuiona ni taabu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaiondoa ile adhabu, akampa Hamadi kanzu ya harusi na magunia mawili ya mchele, na siku ya nikahi akahudhuria mwenyewe. Waziri hakuhudhuria, aliachiwa ukuta aufute, na ile moja peke yake ilimmalizia ndoo saba za maji.