Pimbi, Bingwa wa Kuanguka

Paukwa!

Pakawa!

Mbona huko nyuma mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini? Palikuwa na uwanja. Mgumu? Laini. Nani aliulainisha? Walioanguka. Haya, kaeni vizuri, na aliyekalia mguu wa mwenzake auachie.

Hapo zamani wanyama walikuwa na chuo cha mieleka. Siyo mieleka ya kugongana vifua na kutukaniana mama. Mieleka ya adabu, ile ambayo mdogo humwangusha mkubwa kwa nguvu za huyo huyo mkubwa. Siku hizi binadamu wanaiita jujitsu, wanaivalia nguo nyeupe na kupeana mikanda ya rangi. Chuoni kule mkanda ulikuwa mmoja tu, wa ukili, na huo ulifungia ufagio.

Mwalimu alikuwa Bi Kakakuona, ajuza wa magamba, aliyetembea ameinama kama anayetafuta sindano. Somo lake lilikuwa moja. "Nguvu za mwenzako ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni hapigwi mlangoni. Mgeni hukaribishwa, hupitishwa, husindikizwa." Basi wanafunzi wakishikana utawasikia: "Karibu. Pita. Kwaheri." Kwenye karibu unamvuta. Kwenye pita unampisha. Kwenye kwaheri, tifu, mwenzako yuko chini, nawe unamwinua na kumshukuru.

Na chuo kilikuwa na desturi zake. Ukifika, unapiga hodi ukingoni mwa uwanja na kuinamisha kichwa, hata kama ndani hamna mtu. Ukibanwa ukaona huwezi tena, unapiga chini, pa pa, na aliyekubana anakuachia papo hapo bila kuuliza. Na kila asubuhi, kabla ya yote, mnafagia. Mwalimu anafagia, mgeni anafagia, Kobe anafagia, ingawa Kobe jua humchwea hajamaliza upande wake. Halafu, kabla ya kufundishwa kuangusha, unafundishwa kuanguka.

Hapo kwenye kuanguka ndipo alipokwama Pimbi.

Pimbi mnamjua, yule mnyama wa mawe, mfupi, mnene, nyuma hana kitu. Wenzake walioingia chuoni pamoja naye walikwisha kuhamia kwenye kuangusha. Yeye bado alikuwa akianguka. Digidigi akimshika, tifu. Nungunungu akimshika, tifu, na miiba juu. Kobe akimshika, inachukua muda, lakini mwishowe tifu. Wakampa jina, Bingwa wa Kuanguka, na hawakumpa kwa kumsifu.

Siku moja akamwendea mwalimu wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka leo?"

"Nimeanguka, Bibi. Sasa nitaangusha lini?"

"Umeumia?"

Pimbi akajipapasa mbavu, akajipapasa kiuno. "Sijaumia."

"Basi tena," akasema Bi Kakakuona, akaendelea kufagia.

Hakuambiwa zaidi ya hapo. Lakini mimi nitawaambia: Pimbi aliupenda uwanja ule kuliko mwamba alikozaliwa. Kule mwambani akiteleza tu, ukoo mzima unamcheka mpaka jioni, na kesho yake wanaanza upya. Hapa ndipo mahali pekee duniani alipoanguka na mtu akamwambia, "Tena."

Sasa ukaja ukame. Nyasi zikawa vijiti, ardhi ikawa ngumu kama chungu. Hapakubaki mahali pa kuegesha ubavu isipokuwa uwanja wa chuo, uliosagwa na migongo ya wanafunzi tangu enzi za babu zao, ukawa laini kama unga. Habari zikamfikia Nyati. Nyati naye mnamjua, lile pande la mnyama linalomaliza kisima na kuuliza kingine kiko wapi.

Akaja. Hakupiga hodi. Hakuinama. Akajitupa katikati, pu, akajigaragaza.

"Pazuri hapa," akasema. "Nitalala hapa. Na huyo bibi anifundishe huo mchezo wenu, nisije nikachoka kulala."

Bi Kakakuona hakumfukuza, kwa maana chuo chake hakikumfukuza yeyote aliyesema nifundishe. Akamletea ufagio.

"Kwanza tunafagia."

"Mimi? Nifagie? Wafagie wenye migongo mifupi."

"Basi tutaanza na kuanguka."

"Niangukie nini? Tangu nizaliwe sijaanguka. Nifundishe kuangusha."

Akafundishwa kuangusha. Akamwangusha Digidigi, Digidigi akapiga chini, pa pa, Nyati hakuachia. Akamwangusha Nungunungu, Nungunungu akapiga chini, pa pa, Nyati hakuachia. Akamwangusha Kobe, akamwacha chali siku nzima akitazama mawingu. Chuo kikaanza kuchechemea. Hatimaye Nyati akatangaza: "Kesho wote mhame. Uwanja huu ni wangu. Asiyetaka, aje tushikane."

Hakuna aliyesema hataki. Pimbi hakuogopa kuumia. Aliogopa kurudi mwambani.

Asubuhi wenzake walifunga vifurushi, yeye akachukua ufagio. Mazoea yana taabu. Akafagia kama kila siku, akasukuma majani na vumbi mpaka mwisho wa uwanja, upande wa mashariki. Huko palikuwa na dimbwi la zamani, na chuo kizima kilimwaga takataka humo tangu enzi hizo za babu zao. Juu palikuwa na majani makavu na vumbi, bapa, sawasawa na uwanja, ukipatazama unadhani uwanja unaendelea. Chini yake tope lisilokauka hata kwa ukame, kwa kufunikwa hivyo, lile la kumeza fimbo nzima. Kila aliyewahi kushika ufagio alipajua.

Pimbi akamwaga takataka zake, akapatazama. Akageuka akamtazama Nyati, anakoroma katikati ya uwanja. Akapatazama tena. Akatabasamu mpaka meno yake mawili ya mbele yakapigwa na jua.

Akamwendea Nyati, akainama.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja tushikane."

Nyati alicheka mpaka nzi wake wakahama. "Wewe? Si ndiye Bingwa wa Kuanguka?"

"Ndiye mimi, mzee. Nikianguka nikashindwa kuinuka, uwanja ni wako. Ukianguka wewe, sisi tunabaki. Ila mimi mdogo, naomba jambo dogo. Kila nikiinuka, nichague mwenyewe pa kusimama."

"Simama popote. Simama hata mbinguni."

Wakashikana. Nyati akamrusha, tifu. Pimbi akaviringika, akainuka, akainama. "Asante, mzee. Tena." Akasogea kidogo nyuma, akasimama.

Nyati akamfuata, akamrusha, tifu. Pimbi akaviringika, akainuka, akainama. "Asante, mzee. Tena." Akasogea kidogo nyuma, akasimama.

Tifu. "Asante, mzee. Tena."

Tifu. "Asante, mzee. Tena."

Wanafunzi waliokuwa wamefumba macho wakaanza kuyafumbua, moja kwanza, kisha la pili. Digidigi akamnong'oneza Nungunungu, "Huyu mbona haumii?" Pimbi mwenyewe alikuwa akijiuliza hivyo hivyo. Siku zote zile alidhani hajajifunza kitu, kumbe alikuwa amejifunza kile ambacho Nyati hawezi kumnyang'anya. Furaha ikampanda, akajizuia asicheke, maana bado palibaki padogo pa kusogea.

Nyati sasa alikuwa akihema. Povu mdomoni, macho mekundu. Na Pimbi akafika ukingoni kabisa, mgongo kwenye majani makavu.

"Mzee," akasema kwa upole, "kama umechoka, tupumzike kidogo."

Hilo ndilo lililomkera. Nyati akarudi nyuma, akainamisha pembe, akaja. Gudu gudu gudu gudu.

"Karibu," akasema Pimbi, hakusogea.

Gudu gudu gudu.

"Pita," akasema Pimbi, akaanguka ubavuni, anguko lake lile lile la kila siku.

Nyati akapita. Majani yakafunguka. Chubwi!

"Kwaheri," akasema Pimbi, kwa sauti ndogo, maana adabu ni adabu.

Vumbi lilipotua, Nyati alikuwa ametopea hadi shingoni. Asiyejua kuanguka hukakamaa, na miguu yake minne ilikuwa imejichimbia kama nguzo. Akatumia nguvu, akazama. Akaongeza nguvu, akazidi kuzama.

"Nitoeni," akasema.

Hakuna aliyenyanyua mguu. Nungunungu akasema, "Mimi nilipiga chini, hukuniachia." Digidigi alikuwa akiutazama mguu wake ulioumizwa.

Bi Kakakuona akaja polepole mpaka ukingoni. "Mwanangu, hapa hatusemi nitoeni. Hapa tunapiga chini."

Lakini apige na nini? Kwato zote ziko topeni. Alibakiwa na kidevu. Nyati akatazama huku, akatazama kule, kisha kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akainamisha kichwa, na kidevu kikagonga tope. Pa. Pa.

Wote wakamtazama Pimbi, maana pambano lilikuwa lake. Na Pimbi alikuwa na hasira, msidhani hakuwa nayo. Alikuwa na hasira kwa yaliyompata Digidigi, na Nungunungu, na Kobe aliyetazama mawingu. Lakini pa pa amezisikia, na anayesikia pa pa haulizi.

"Leteni kamba," akasema.

Wakamfunga kamba kwenye pembe, chuo kizima kikavuta. Na mnapovuta kwa pamoja lazima mwimbe kitu, nao hawakujua wimbo mwingine. "Karibu," wakavuta. "Karibu," wakavuta. "Karibu." Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili Nyati alipotoka, mweusi kwa tope kuanzia kwato mpaka pembe, akaondoka zake.

Vifurushi vikafunguliwa.

Kesho yake, kabla hawajaanza kufagia, wakasikia sauti nzito ukingoni mwa uwanja. "Hodi." Wakageuka. Nyati amesimama, kichwa chini.

Bi Kakakuona akampa ufagio. Akafagia ovyo, vumbi likaingia machoni mwa watu, lakini akafagia. Akapelekwa mwisho wa mstari, baada ya Kobe, akaambiwa aanguke. Akaanguka. Puuu! Uwanja ukatikisika, ndege wakaruka. Akabaki pale chini amefumba macho, akingoja kuchekwa.

Hakuna aliyecheka. Pimbi akaja, akamwinamia.

"Umeumia, mzee?"

Nyati akajisikiliza mbavu, akajisikiliza kiuno. "Sijaumia," akasema, kama asiyeamini.

"Basi tena," akasema Pimbi.

Haya, funzo. Funzo la hadithi hii ni kwamba mgeni msimkaribishe, ona yaliyompata aliyekaribishwa. La pili, takataka msizipeleke mbali, rundikeni mlangoni, hamjui nani yuko njiani. Na wazee wakiwaambia fagieni, msiwasikilize. Mimi mama yangu alinifagiza utoto wangu wote, na mpaka leo sijamwangusha nyati hata mmoja.

Hadithi yangu imeangukia hapo. Kama ilikuwa tamu, inukeni nayo mwende nayo kwenu. Kama ilikuwa chungu, iacheni hapo chini, asubuhi nitaifagia.