Nundu ya Masika ya Mkomba

Hapo zamani, si zile za fisi kuchumbia, hapana, zamani ya juzijuzi ambayo simu zilishakuwapo, bonde la Mkomba lilinyeshewa mpaka vyura wakatafuta pa kuhamia. Kaeni vizuri. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kisa hiki kimewatoa jasho hata wenye madigrii, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Kila masika mto ulipanda ukabeba nyumba. Mwaka mmoja ukabeba hadi zahanati, na vitanda vyake. Watu wakasema: ukirudia tena, tunahama.

Ndipo akarudi Daktari Nakijwa, binti wa bondeni hapohapo, mtafiti wa mawingu. Akasema, "Mvua siwezi kuizuia. Ila naweza kuidondosha mapema, kule kwenye mbuga tupu nyuma ya mlima. Wingu likifukizwa moshi wa chumvi, linatua mzigo."

Watu wakaangua kicheko. "Binti, unalitia wingu chumvi, kwani mchicha?" Akacheka nao, akaendelea kupima.

Masika yakaja na wingu jeusi kama sufuria ya msibani. Marubani walioitwa wakalitazama, wakakumbuka wake zao nyumbani. Rubani mmoja tu, Mrindoko, akapanda kindege chake, mirija ya moshi imefungwa mbawani, akaingia humo. Mara redio ikalia:

"Daktari, upepo umegeuka! Mbuga imenipita. Chini yangu kuna shamba la vitunguu, na baada ya hapo ni nyie!"

Shamba lile ni la Mama Namkunda, mjane. Vitunguu keshaving'oa, kavilaza juani vikauke. Vikinyeshewa, vimeoza. Nakijwa akampigia simu.

"Shikamoo, mama. Vitunguu umeshaviingiza?"

"Marahaba. Viko nje vyote. Kwani kuna nini?"

Akamweleza.

"Mwanangu, vitunguu hivyo ndicho chakula changu na cha wajukuu."

"Najua, mama. Ukikataa, simwambii amwage."

"Na huko bondeni mpo nani na nani?"

"Tupo wote, mama."

"Basi mwaga. Ila huyo wa ndege asishuke sana, kuku wangu wanaatamia."

Mrindoko akafyatua moshi. Mvua ikashukia vitunguu kama ina kisasi navyo. Mvua ya mawe ikapasua kioo, ndege ikatua kwa tumbo, bawa moja likabaki kwenye mgunga. Akatoka anachechemea, anaulizia chai. Bondeni yakafika manyunyu. Mto ukajaa, ukaishia ukingoni. Hakuna nyumba iliyoondoka, hata banda la mbuzi.

Sasa sikieni desturi yao. Masika yakiisha salama, Mkomba huchinja fahali, na nundu hupewa mtu mmoja. Haikatwi vipande. Anayeila hufanyiwa msaragambo, yaani kijiji kizima kinamfanyia kazi msimu mzima, kazi anayotaka yeye.

Mrindoko akasimama kwa mguu mmoja. "Chumvi ikiwa guniani ni chumvi tu. Nani aliipandisha? Nipeni nundu, mnifyekee uwanja hapa bondeni, mwakani nisitue juu ya miti."

"Kaka, ungepanda kwenda wapi bila vipimo vyangu?" Nakijwa akamjibu. "Nipeni mimi, mnijengee kituo mlimani. Tutauona upepo kabla haujageuka, na mwakani hakitaoza kitunguu hata kimoja."

Mropokaji mmoja akapaza sauti, "Labda mvua ilidondoka yenyewe!"

"Inawezekana," akasema Nakijwa. "Ndiyo sababu nataka kituo."

Mama Namkunda alikuwa amekaa tu, mjukuu mgongoni. "Wanangu, nyie mlifanya kazi zenu, na mmezifanya vizuri. Mimi niliombwa, na ningeweza kusema hapana. Udongo wangu sasa umeshiba maji. Mkinilimia kesho, mbegu inaota. Mkichelewa, hawa wajukuu wanakula nini?"

Mwenyekiti wa kijiji kashika nundu kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika hadi viwikoni, anawatazama mmojammoja. Kijiji kizima kina majembe begani, kinangoja kuambiwa kiende wapi: bondeni, mlimani, au shambani kwa mama.

Jibu langu ninalo, na siwapi ng'o. Haya, nyie wajuaji mliomaliza shule: ingekuwa mikononi mwenu, nundu hiyo mngempa nani?