Kiti cha Vaileti

Kisa ni changu, hukumu ni yenu.

Kule Isimani walikuwapo watu watatu wenye mikono ya ajabu. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alikuwa mshonaji. Kitambaa kilimtii kuliko watoto wanavyowatii wazazi. Mama yake mdogo, Anjelika, akishika jembe, visiki vilihama. Na Luambano, Mngoni aliyehamia kwa watani zake Wahehe, alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mfufuaji wa injini zilizogeuzwa viota vya kuku.

Mzee Luvanda yeye alijua kurusha ndege tu. Mkewe, Vaileti, mama yake Sikudhani, alilima alizeti na kila msimu alinung'unika: "Shamba hili nalijua kwa kiuno. Lini nitaliona kwa juu?" Basi mzee akaanza kuunda kindege cha viti viwili, hakina paa wala mlango, mfano wa pikipiki iliyoota mabawa.

Sikudhani akashona bawa kwa cherehani ya mama yake. Mshono ukavuta upande; akafumua. Ukavuta tena, akafumua. Wa tatu ukashika.

Anjelika akaacha mahindi yake msimu mzima, akang'oa visiki, akasawazisha uwanja wa hatua mia tatu.

Luambano akapigia injini magoti miezi saba, akiitukana kwa Kingoni, hata ikaona haya ikanguruma.

Kazi moja ingekosekana, kindege kisingeinuka.

Vaileti naye akapanda alizeti, akashonea kipande cha kanga ndani ya kofia yake ya kurukia. Kisha akaugua. Alizeti ikiwa usawa wa magoti, akamwambia mumewe: "Kiti changu usikiache wazi. Apande mtu aniangalizie shamba, kisha aje kaburini anisimulie." Akafariki.

Alizeti ikachanua. Mzee akaenda kupimwa macho: herufi kubwa alizisoma, ndogo akazibuni. Akaambiwa leseni yake ya urubani ikiisha Jumamosi, hapewi nyingine. Wiki nzima upepo ukavuma, ukaja kutulia Jumamosi yenyewe, saa kumi na moja na nusu jioni. Safari moja, kiti kimoja.

"Baba," Sikudhani akasema, "mama alikata roho mimi niko Mbeya. Sikumuaga. Nipe neno la kumpelekea."

"Shemeji," Anjelika akadakia, "mimi na dada tulinuniana kwa sababu ya ungo. Ungo, shemeji! Amekwenda hatujasemeshana. Nitafikaje kaburini mikono mitupu?"

Luambano akakohoa. "Nyie Wahehe mtakwenda kumlilia tu, mumchoshe. Nani alikuwa akimchekesha? Siku ya maziko nilitumbukia kaburini nikadai nizikwe mimi. Mlicheka wote, hata padri. Ni yeye tu ambaye hakucheka." Akageuka, akafuta macho kwa kitambaa cha grisi. "Mtani, nina deni la kicheko kimoja."

Injini inanguruma. Jua limebaki shubiri moja juu ya mlima. Mzee ameshika kofia. Kanga ya ndani bado inanukia mafuta ya nywele za mkewe. Anamtazama huyu, anamtazama yule, na macho yake, mabovu kwa herufi ndogo, yanawaona wote watatu waziwazi kabisa.

Haya, wewe uliyesikia: ungemvika nani kofia hiyo? Na kama ungekuwa Vaileti, ungetaka usimuliwe na nani?