Miti ya Muhogo ya Nambunga

Mtu mmoja alikuwa na shamba la muhogo kule bondeni. Jina lake Nambunga, na mkewe aliitwa Somoe. Mwaka ule ugonjwa wa batobato ulikuwa umeingia kijijini. Majani yalijikunja na mizizi ikatoka myembamba kama vidole, katika kila shamba isipokuwa la Nambunga. Watu walisema ana bahati. Yeye alisema ana bidii.

Muhogo, kama mjuavyo, hauna punje ya kutia kibuyuni. Tunakula mzizi, tunapanda mti. Kwa hiyo Nambunga alipong'oa shamba zima na kuanika mizizi iwe makopa, Somoe aliikata ile miti, akaifunga mafungu, akaisimamisha kivulini chini ya mkorosho na kuifukia miguu mchangani. Kila jioni aliimwagia maji aliyooshea vyombo. Tena kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi. Mvua zikianza, unakwenda kwa mwenzio na kamba yako mkononi, naye anakupa. Mwaka ule kila jirani alijua atakwenda kwa nani.

Kabla ya mvua, Nambunga alikuwa na mtoto wa kutoka jandoni, na alitaka sherehe yake isimuliwe hadi ng'ambo ya mto. Haya, watu wakaja, na wengine hawakualikwa. Siku ya pili wapishi wakamwambia, "Baba, kuni zimekwisha, na wakwe zako hawajala." Loo! Mwenye sherehe akose moto mbele ya wakwe? Nambunga aliangaza macho uani, akaona yale mafungu chini ya mkorosho.

"Si vijiti tu hivyo," akasema. "Leteni."

Somoe alikuwa ndani na wageni. Alipotoka, fungu la mwisho lilikuwa mafigani. Roho ilimuuma hasa, lakini mke hamwaibishi mumewe mbele ya wakwe, basi akaokota mwiko akaendelea kupakua. Wageni walikula wakasifu, wakaomba waongezwe.

Msicheke. Nanyi mngekuwapo mngeomba kuongezwa.

Wageni walipoondoka, Somoe alimweleza mumewe kwamba vile vijiti alivyochoma vilikuwa mbegu ya kijiji kizima. Nambunga akacheka, akampeleka ghalani. Makopa yalikuwa yamepangwa hadi kwenye paa. "Akiba haiozi, mke wangu," akasema. "Unalia nini, na chakula chote hiki?" Somoe akaenda kufagia majivu.

Mvua zikaja, na zilikuja vizuri. Watu walikuwa wamekwisha kulima, matuta yamekaa tayari. Asubuhi ile majirani walifika kwa Nambunga na kamba zao, mbele yao Chilumba, mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa ameketi mkekani siku ya sherehe na kula mpaka akalegeza mshipi. Walitazama chini ya mkorosho. Wakamtazama mwenye nyumba.

Nambunga aliona haya. Kwa kuwa hakuwa mtu mchoyo, alifungua mlango wa ghala wazi kabisa, akawaambia wachukue makopa, kila mtu kwa kadiri ya watoto wake. Hakuna aliyeingia.

Chilumba alinyoosha mkono kutoka mlangoni, akachukua kopa moja, akaligeuzageuza kiganjani, akalirudisha mahali pake. "Humu mna chakula, Nambunga," akasema, "lakini hamna shamba."

Wakaenda zao na kamba zao. Nambunga mwenyewe alishika njia ya vijiji vya mbali kuomba mbegu, na kila alikopiga hodi alikuta majani yamejikunja. Mvua ilinyesha msimu mzima juu ya matuta matupu, na nyumbani watoto wakaendelea kula makopa, ghala likipungua.

Sasa wewe uliyekuja hapa umeshiba, unayejua ghala lako lina nini: mvua ikinyesha kesho, utapanda nini?